Ukitaka Gitaa Ling'ae, Muulize Fundi wa Malori

Ukishuka basi pale Tunduma asubuhi ya Jumamosi, atakayekulaki kwanza si mtu bali ni lori. Yamejipanga kwa foleni, mengine yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, mengine yakiwa yametoka Zambia na Kongo yakielekea Dar es Salaam. Kila fundi ambaye lori humhitaji amejenga kibanda chake kando ya barabara: fundi matairi, fundi springi, fundi wa kuchomea vyuma, fundi umeme, na yule ambaye leo nataka tumtazame kwa makini zaidi, fundi rangi. Huyu utamjua kwa mngurumo wa kompresa yake na kwa suruali ambayo haijulikani tena ilikuwa ya rangi gani iliponunuliwa.

Sasa ondoka barabarani, ingia mitaa ya Sogea au Majengo. Huko utasikia randa ya seremala, na jioni ikifika utasikia kwaya zikifanya mazoezi, kila moja na gitaa lake la solo na la besi. Magitaa hayo si yote yaliyonunuliwa dukani. Wako vijana ambao, kwa ubao wa mninga, sumaku, waya mwembamba wa shaba na ukaidi mwingi, huchonga gitaa la umeme wao wenyewe. Wala si ajabu katika pembe hii ya nchi. Ng'ambo ya mpaka, kwa jirani zetu wa Zambia, gitaa la kujitengenezea ni jambo la asili. Huliita banjo, na ndilo lililobeba muziki wa kalindula tangu siku ambazo mwili wake ulikuwa debe la mafuta na nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli.

Gitaa la umeme, kinyume cha wanavyodhani wengi, ni jepesi kwa seremala kuliko gitaa kavu. Gitaa kavu lina tumbo lenye uwazi, na mbao zake ni nyembamba kama kaki. La umeme ni gogo tu lililokatwa vizuri, likachimbwa mahali pa sumaku na swichi, likapachikwa shingo iliyonyooka. Panapowashinda vijana wetu ni mwisho wa kazi. Baada ya miezi miwili ya kuchonga kwa uangalifu, mtu huchukua vanishi ya milango na brashi iliyokwisha kunyonyoka, akapaka jioni moja tu. Matokeo yake ni gitaa lenye michirizi, lenye nywele za brashi na vumbi la mtaa mzima, na hata likitoa sauti nzuri kiasi gani, mwenyewe hulificha nyuma ya spika.

Nami nasema dawa iko palepale Tunduma, hatua mia chache kutoka karakana ya seremala. Iko mikononi mwa fundi wa malori.

MTU WA REDIO NA RANGI ZA MAGARI

Usidhani natania. Kabla ya miaka ya 1920 gari liliweza kukaa kiwandani majuma mengi likingoja rangi ikauke, maana rangi zenyewe zilikuwa za mafuta na zilipakwa kwa brashi. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani, kwa kushirikiana na General Motors, ilitoa laka iliyotengenezwa kwa nitroselulosi. Jina lake la biashara lilikuwa Duco. Iliweza kupulizwa kwa bunduki ya hewa na kukauka kwa muda wa saa badala ya siku. Jina hilo lilisambaa mno hata likawa jina la rangi ya gari kwa watu wengi, bila kujali kopo limetoka kiwanda gani.

Katika mji wa Fullerton, California, kulikuwa na fundi redio aitwaye Leo Fender. Mtu huyu hakujua kupiga gitaa. Hata hivyo mwaka 1950 alianza kuuza gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mtupu, na mwaka 1954 akatoa lile liitwalo Stratocaster, ambalo umbo lake ndilo vijana wengi duniani huliiga wanapochonga la kwao. Alipotaka magitaa yake yawe na rangi za kuvutia, Fender hakubuni rangi mpya. Alitumia rangi za magari. Nyekundu yake mashuhuri, Fiesta Red, ilitoka kwenye orodha ya rangi za Ford. Mteja aliyetaka rangi ya aina hiyo aliongeza asilimia 5 ya bei.

Kwa hiyo, msomaji, kijana wa Sogea anapobeba gitaa lake jeupe lisilopakwa kitu na kulipeleka kwa mtu anayepiga rangi vichwa vya Scania, hafanyi kioja. Anafuata njia ileile aliyoipita Fender.

Lakini lori si gitaa, na fundi asiyeambiwa tofauti hiyo ataliharibu. Lori ni chuma, nalo hutaka rangi nene ya kuhimili mawe na jua. Gitaa ni mti, nao huvuta unyevu na kuutoa, hutanuka na kusinyaa. Lori huzibwa mabonde yake kwa puti hata ukucha mzima. Ukifanya hivyo kwenye gitaa, puti itapasuka siku ubao utakaposogea.

Niseme pia jambo ambalo wapigaji wengi hawapendi kulisikia. Rangi haiongezi utamu wa gitaa la umeme, na kama inaupunguza, basi ni kwa kiasi kidogo mno. Sauti ya gitaa hili hutoka kwenye nyuzi za chuma zinazotikisika juu ya sumaku. Kazi ya rangi ni kuulinda ubao dhidi ya jasho, mvua na uchafu. Kazi yake ya pili ni kumfanya mwenye gitaa alione kuwa ni chombo cha thamani na kulitunza hivyo.

Hili la pili si dogo. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi zetu kubwa ziliendeshwa na taasisi. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ilikuwa chini ya shirika la teksi na usafiri. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa la kuchonga mwenyewe, hata likiwa na kasoro, halina mwenye bendi wa kulidai.

UBAO KWANZA

Tuanze na ubao, kwa sababu hakuna bunduki itakayoficha ubao mbichi. Mninga unasifika kwa kutosinyaa sana unapokauka, na ndiyo maana hupendwa kwa milango na makabati. Kwa mwili wa gitaa ni mti bora, ingawa una uzito. Mkangazi nao hufaa, hasa kwa shingo. Msonobari wa Sao Hill ni mwepesi na rahisi kupatikana, ila vifundo vyake hutoa utomvu ambao baadaye hupenya rangi na kuacha doa la kahawia. Vifundo hivyo hupakwa shelaki kwanza, mara mbili.

Mwili mmoja wa gitaa hauhitaji zaidi ya urefu wa sentimita 50, upana wa sentimita 35 na unene wa sentimita 4 na nusu, na waweza kuunganishwa kwa vipande viwili au vitatu. Hivyo hakuna haja ya kuangusha mti. Mabaki ya fundi samani yanatosha. Nasema hivi nikijua kwamba tangu mwaka 2022 miti yote ya jamii ya mninga ya Afrika imeingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, nayo haivuki mpaka bila vibali. Mkazi wa Tunduma anaelewa maana ya neno hilo kuliko msomaji wa mji mwingine wowote.

Ubao uwe umekauka kivulini kwa miezi mingi, tena ulale ndani ya nyumba majuma kadhaa kabla ya kuchongwa. Kisha, na hapa wengi hukosea, maliza kazi zote za kutoboa na kuchimba kabla ya rangi. Unganisha gitaa zima likiwa bado jeupe. Funga nyuzi, piga, sikiliza, rekebisha shingo, halafu ulifungue tena lote. Tundu la skrubu linalotobolewa baada ya rangi hupasua rangi hiyo kandokando, na hapo machozi hayasaidii.

Ndipo msasa uanze. Namba 80 huondoa alama za tupa na patasi, 120 huondoa mikwaruzo ya 80, 180 ya 120, na kuendelea hadi 320. Usiruke namba. Sugua kwa kufuata nyuzi za mti, msasa ukiwa umezungushiwa kibao, isipokuwa kwenye mapindo ambako vidole vyenyewe ndivyo kibao. Ukifika 240, futa ubao kwa kitambaa chenye maji kidogo na uuache ukauke. Vijinyweleo vya mti vitasimama kama ndevu za asubuhi, navyo vitasuguliwa tena. Baada ya hapo peleka gitaa gizani, uwashe tochi ukiilaza ubavuni mwa ubao. Mkwaruzo ambao haukuonekana mchana utajitokeza kama mfereji. Rangi inayong'aa haifuniki mkwaruzo wa namna hii, huutangaza.

Vumbi la mninga huwasha ngozi na pua, na kwa baadhi ya watu huleta pumu. Kazi ya msasa ifanywe nje, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa barakoa ya vumbi, na watoto wakiwa mbali.

Mninga na mkangazi ni miti yenye vinyweleo vikubwa. Usipoviziba, rangi itazama humo na uso utabaki na vijishimo kama ngozi ya aliyeugua ndui. Wanaotaka ubao uonekane watachanganya unga laini wa msasa wa mti uleule na sila ya maseremala, wapake, waache ukauke, kisha wasugue hadi ubao wenyewe uonekane tena. Wanaotaka rangi nzito isiyoonyesha ubao waweza kuziba kwa puti ya magari, mradi ibaki ndani ya vinyweleo tu. Kisha gitaa hupulizwa sila mara mbili au tatu na kusuguliwa kwa msasa wa 320 mpaka liwe laini kama yai.

SHUBIRI MOJA

Sasa twende kwa fundi rangi. Kabla hajajaza bunduki, mwombe afungue koki ya chini ya tangi la kompresa. Yatatoka maji, na mara nyingine maji yenye mafuta. Tone moja la maji hayo likipita kwenye bunduki, rangi itajikunja na kuacha duara tupu ambalo mafundi huliita jicho la samaki. Adui mwingine wa aina hiyo ni dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi, ambayo nyingi zina silikoni. Katika gereji ya malori dawa hiyo iko kila mahali: kwenye matambara, kwenye meza, kwenye mikono. Gitaa lako liwe na tambara lake jipya, na mikono ioshwe.

Ziba kwa tepu ya karatasi mahali pasipotakiwa rangi. Tundu ambamo shingo huchomekwa lisipate hata unyunyizi, kwa kuwa unene wa rangi humo huinua shingo na kuvuruga urefu wote wa nyuzi. Ubao wa vidole, kama ni wa mpingo, hauhitaji rangi kabisa. Mti huo umejaa mafuta yake wenyewe, na viwanda vya zumari na klarineti duniani huununua kwa sababu ya ugumu wake. Kigingi cha mti kilichofungwa kwa skrubu ndani ya tundu la shingo kitakuwa mkono wa kushikia, na ndicho utakachofungia waya wa kulitundikia.

Laka ya nitroselulosi huchanganywa na thina, aghalabu nusu kwa nusu, mpaka idondoke kwenye kijiti kwa mfululizo kama mafuta ya kula na si kwa matone mazito. Shinikizo la hewa kati ya bar 2 na 3 linatosha. Lile la kupigia tela la lori litapeperusha nusu ya rangi kwa jirani. Jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi.

Umbali kati ya bunduki na gitaa ni shubiri moja, na shubiri hiyo isibadilike. Kosa la mkono mgeni ni kuzungusha bunduki kama anayemwagilia bustani, hata katikati pakawa karibu na pembeni pakawa mbali. Mkono wote uende sambamba na ubao. Bonyeza kabla ya kufika ukingoni na uachie ukiwa umekwisha kuupita. Kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia. Anza na kingo, kisha mgongo, kisha uso. Mapito ya kwanza yawe membamba kiasi cha kutoridhisha macho. Kutaka kuona mng'ao katika mpito wa kwanza ndiko kunakoleta michirizi ile inayotiririka ambayo mafundi huiita machozi. Chozi likishuka, usiliguse. Liache likauke kwa siku kadhaa, ulikwangue kwa wembe, kisha uendelee.

Mapito matatu kwa siku, saa moja au zaidi kati ya mpito na mpito, yanatosha. Baada ya rangi yenyewe hufuata laka isiyo na rangi, mapito sita hadi tisa membamba. Wapo wapendao mtindo wa jua, yaani manjano katikati na kahawia ikikolea ukingoni. Mtindo huo huanzia manjano gitaa zima, kisha kahawia hupulizwa kwa bunduki iliyobanwa na kuelekezwa nje, fundi akizunguka ukingo. Ni kazi ya kuvutia, lakini nakushauri uijaribu kwenye mabaki mara tano kabla ya kuigusa kazi yenyewe.

MASIKA NA VUMBI

Tunduma haina majira yasiyo na matatizo kwa kazi hii. Kati ya Novemba na Aprili kuna mvua. Kuanzia Agosti kuna upepo na vumbi la malori. Mvua ndiyo mbaya zaidi. Thina inapoyeyuka kwa haraka hupoza uso wa gitaa, na uso ukipoa kupita hewa iliyojaa unyevu, maji hutua juu yake kama yatuavyo kwenye chupa ya soda iliyotolewa jokofuni. Maji hayo hunaswa ndani ya laka, na gitaa lililokuwa jeusi asubuhi huwa na ukungu mweupe jioni.

Ukungu huo naujua. Mdogo wangu alichonga gitaa akalipuliza rangi mwezi wa Februari, mvua ikinyesha, kwa kuwa Pasaka ilikuwa karibu na kwaya ilikuwa inamngoja. Lilipata ukungu. Badala ya kungoja siku kavu na kupuliza thina ya taratibu ili laka ifunguke na kuachia maji yake, aliisugua rangi yote hadi kwenye ubao. Kisha alishauriwa kutumia rangi ya magari ya 2K, ile inayochanganywa na hadina, kwa kuwa haipati ukungu kwa urahisi na hukauka ikawa ngumu kama jiwe. Aliipuliza ndani ya chumba chake, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie, leso ikiwa imefungwa puani.

Gitaa lilitoka zuri mno. Sikuwahi kuona jeusi kama lile.

Usiku ule alikohoa mpaka alfajiri. Alirudia tena juma lililofuata kupiga shingo, na safari hiyo kifua kilimbana hata tukamkimbiza kwa daktari. Miaka mingi imepita. Leo akipita karibu na gereji yenye rangi ya 2K, hata kwa mbali, kifua humbana tena. Gitaa analo, na hulipiga kila Jumapili, lakini kazi ya rangi hataifanya tena maishani mwake.

Kilichomdhuru ni isosianeti zilizomo katika hadina. Kemikali hizi zinajulikana duniani kote kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo sana huamsha ugonjwa. Leso haizuii kitu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Hata barakoa yenye vichujio vya mkaa haitegemewi peke yake mbele ya rangi hizi. Viwandani mpulizaji huvutishwa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Kwa hiyo nasema bila kuzungukazunguka: 2K haipulizwi nyumbani, wala gereji isiyo na vifaa hivyo. Na fundi aliyeajiriwa kuipuliza ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe vifaa vya kujikinga. Si hisani.

Laka ya nitroselulosi haina hadina hiyo, lakini ina ukali wake. Mvuke wa thina hulevya, huumiza kichwa, na kwa miaka mingi hudhuru neva. Hapa barakoa ya vichujio vya mkaa inafaa, tena ni lazima, pamoja na uwanja ulio wazi. Na juu ya yote laka hii hushika moto kama petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka sakafuni na kutambaa. Jiko la mkaa lililoko ukumbini, chini ya mlango wa chumba unachopulizia, linaweza kuukaribisha moto ndani. Hata unga mkavu wa laka uliotapakaa sakafuni huwaka. Mama wa nyumba anayemfukuza kijana wake na kopo lake la thina kutoka chumba wanacholala watoto hana chuki na muziki.

Basi chagua siku kavu baina ya Mei na Julai. Ngoja ukungu wa asubuhi uinuke na jua lipashe hewa, maana baridi ya huku huchelewesha rangi kukauka. Maliza kabla upepo wa alasiri haujaanza. Mwaga maji kwenye ardhi ya pale unapopulizia ili vumbi lilale, na usimame upepo ukikupiga ubavuni ili ukungu wa rangi uende zake.

KUNGOJA

Sehemu ngumu kuliko zote haina kazi yoyote. Gitaa litundikwe mahali pakavu penye hewa, mbali na jua na mbali na wageni, kwa majuma matatu au manne. Litaonekana limekauka siku ya pili. Halijakauka. Ukitaka kujua, sogeza pua hadi karibu liguse. Maadamu unasikia harufu ya thina, laka bado inasinyaa, na ukiing'arisha leo, vinyweleo vya mti vitachungulia tena mwezi ujao.

Harufu ikiisha, chukua msasa wa maji, namba 800, kisha 1000, 1200 na 2000. Uchovye katika maji yenye sabuni kidogo, na usugue mpaka ile hali ya ganda la chungwa iishe na uso wote uwe wa kijivu usio na doa linalong'aa. Moyo utakuingia hofu utakapoona mng'ao wote umetoweka. Vumilia. Jihadhari na kingo, kwa kuwa hapo laka ni nyembamba na msasa hupenya mara moja. Jihadhari pia na matundu ya skrubu: maji yakiingia humo, mti huvimba na kuinua rangi, kwa hiyo yazibe kwanza kwa nta ya mshumaa. Mwisho ni ile dawa ya kukatia rangi ambayo fundi wa malori anayo siku zote, ikipakwa kwa kitambaa laini na kusuguliwa kwa mkono. Mashine yake ya kung'arisha mlango wa lori huzalisha joto, na joto huilainisha laka hii. Mwambie aiache chini.

Mgongo wa shingo ni jambo la peke yake. Hapo mng'ao haufai. Mkono wenye jasho hunata kwenye laka inayong'aa, na mpigaji wa solo hushindwa kuteleza. Mapito matatu au manne membamba yanatosha, kisha uso huo uondolewe mng'ao kwa msasa wa 1000 uliokwisha kulika. Wengine hutumia pamba ya chuma. Ukiitumia, funika sumaku za gitaa au ziwe bado hazijafungwa, la sivyo vumbi lake la chuma litazing'ang'ania na usilitoe maisha.

Siku ya kuunganisha, paka kila skrubu sabuni kavu kabla ya kuikaza. Katika matundu kwangua rangi kidogo kwa ncha ya kisu ili skrubu isiinyanyue. Funga shingo, funga sumaku, unganisha waya, vuta nyuzi taratibu, uzi mnene kwanza. Wala usilisimamishe gitaa jipya kwenye kishikio chenye mpira au sponji, kwa kuwa mpira hula laka ya nitroselulosi na kuacha alama ambayo hakuna dawa ya kukatia itakayoiondoa. Msumari ukutani, ukiwa umeviringishiwa kitambaa cha pamba, unatosha.

Ukimaliza, mrudie fundi wa malori umwonyeshe. Atalishika kwa mikono miwili, aligeuze kwenye mwanga akitafuta chozi, na akilikosa atakuuliza kama sumaku zinafanya kazi.